Basi lililopandishwa relini: maisha ya kazi ya treni za Pacer aina ya 142

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa magari hapa Morogoro. Dada yangu aliyesomea Leeds amenionyesha picha za treni aliyokuwa akipanda kwenda chuoni, na kwa macho yangu ya fundi lile ni basi tupu, kuanzia madirisha hadi viti. Anasema Waingereza walichukua basi wakalifunga magurudumu ya reli, kila mtu akalilalamikia, na bado wakalitumia kwa zaidi ya miaka thelathini. Je, ni kweli lilikuwa basi? Kama lilikuwa baya hivyo, kwa nini lilidumu? Na nikienda kumtembelea mwakani, nitaweza kuliona?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Dada yako hakukutania. Treni anayoisema ni ya ukoo ulioitwa Pacer, na kwa kuwa alikuwa Leeds, huenda alipanda aina ya 142 au ndugu yake wa 144. Nitaifuata zaidi ya 142, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko zote, seti 96 za mabehewa mawili mawili zilizojengwa kati ya mwaka 1985 na 1987, na ndiyo niliyoipanda mwenyewe nilipokuwa masomoni Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kifupi, juu ilikuwa basi, chini haikuwa basi hata kidogo, na mengi yaliyosemwa juu yake kwa miaka thelathini na mitano, mazuri na mabaya, yalitoka pale juu na chini vilipokutana.

Ili uelewe ni kwa nini watu wenye akili timamu walifikia uamuzi huo, inabidi urudi mwishoni mwa miaka ya 1970. Shirika la reli la taifa, British Rail, lilikuwa na idadi kubwa ya treni ndogo za dizeli zilizonunuliwa chini ya mpango wa kufufua reli wa mwaka 1955, na kwa kuwa zilinunuliwa kwa pamoja, zilikuwa zinachoka kwa pamoja. Nyingi zilikuwa na asbesto ndani ya kuta zake, hivyo hata kuzikarabati kulikuwa ghali na hatari. Treni hizo zilihudumia njia ndogo za wilayani na za pembezoni mwa miji ya kaskazini, ambako nauli hazikutosha kulipia gharama, na kumbukumbu ya miaka ya 1960, wakati ripoti ya Richard Beeching ilipofungua mlango wa kufungwa kwa maelfu ya maili za reli, ilikuwa bado mbichi. Januari 1983, wakati mradi ninaousimulia ulikuwa umekwisha kuanza, ilitoka ripoti nyingine, ya Sir David Serpell, ambayo mojawapo ya ramani zake ilionyesha Uingereza iliyobakiwa na njia kuu chache tu. Ramani ile haikutekelezwa, lakini aliyekuwa anaomba fedha za kununua treni za vijijini katika mazingira hayo alijua kwamba bei kubwa ingezua swali ambalo hakutaka liulizwe, yaani kama njia yenyewe inastahili kubaki.

Sasa tuingie uvunguni, kwa sababu wewe ni fundi na nadhani sehemu hii utaipenda. Gari lako lina difu ili kwenye kona gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani. Ekseli ya treni haina kitu hicho. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye chuma kimoja na yanazunguka sawasawa. Kinachofanya kazi ya difu ni umbo la gurudumu, ambalo limechongwa kwa mteremko mdogo kama koni, nene upande wa ndani na jembamba upande wa nje. Treni ikiingia kwenye kona, ekseli inasukumwa kuelekea nje, gurudumu la nje linakanyaga reli kwa sehemu yake nene, la ndani linakanyaga kwa sehemu yake nyembamba, na ekseli inajigeuza yenyewe kufuata njia. Ni ujanja mzuri sana, lakini una deni lake. Kwenye njia iliyonyooka ekseli hiyohiyo hujirekebisha kwenda kushoto ikapitiliza, ikajirekebisha kwenda kulia ikapitiliza tena, na mwendo ukizidi kiasi fulani mchezo huo hugeuka kuwa msukosuko unaoweza kulitoa behewa relini.

Hilo ndilo lililoyapata mabehewa ya mizigo ya ekseli mbili nchini Uingereza katika miaka ya 1960, mwendo wa treni za mizigo ulipopandishwa. Yalianza kuanguka mara nyingi kuliko zamani, na kazi ya kutafuta sababu ikapewa kituo cha utafiti cha British Rail mjini Derby, ambako Alan Wickens na wenzake waliikokotoa tabia ya ekseli inayoyumba hadi wakaonyesha kwamba, kwa kuchagua kwa makini ugumu wa springi na nguvu ya shokabsoba kwa kila upande, behewa la ekseli mbili linaweza kukimbia kwa utulivu kwa mwendo ambao wazee wa reli hawakuamini. Wakajenga behewa la mizigo la majaribio na likathibitisha hesabu zao. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1970 Derby walikuwa na fremu nyepesi, rahisi na yenye mwendo, ila haikuwa na kitu cha kupakia zaidi ya mizigo.

Upande wa pili wa nchi, nje kidogo ya mji wa Workington, kampuni ya Leyland ilikuwa na kiwanda cha Lillyhall kilichofunguliwa mwaka 1971. Ni Leyland ileile ambayo malori yake yalikuwa yakiunganishwa Thika; waulize wakongwe wa karakana yenu. Lillyhall ilijengwa kwa ajili ya basi la aina moja tu, Leyland National, ambalo mwili wake ulitengenezwa kwa vipande vinavyofanana, vikafungwa pamoja kama mtu anavyopanga masanduku, hivyo kulirefusha basi ilikuwa ni suala la kuongeza vipande. Maagizo hayakufikia matarajio ya waliokijenga, na kiwanda kikawa na nafasi ya kufanya kazi nyingine. Mwaka 1978 vipande vya basi hilo vikawekwa juu ya fremu ya Derby, likapatikana gari moja la majaribio lililoitwa LEV1. Kwa hiyo umuhimu wa jambo hili ulikuwa katika ndoa ya viwanda viwili, kimoja chenye uvungu na kingine chenye mwili, na vyote viwili vikiwa vimekwisha kulipiwa gharama za ubunifu na watu wengine. Hapo ndipo unafuu ulipotoka.

Kati ya gari hilo na treni aliyopanda dada yako kulikuwa na hatua mbili nitakazozipitia haraka. Kwanza ilijengwa treni ya mfano, aina ya 140, iliyoonekana mwaka 1981, ambayo iliimarishwa ili ikidhi masharti ya reli, na uzito ukapanda. Kisha zikaja seti 20 za aina ya 141, zilizokamilika mwaka 1984, ambazo zilibaki na upana wa basi la barabarani, yaani mita mbili na nusu, hivyo abiria walikaa wawili wawili kila upande katika behewa ambalo lilionekana kama limekosea njia. Aina ya 142 ilirekebisha hilo. Mwili ulipanuliwa hadi mita 2.8 hivi, vikaingia viti vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine, na seti ya mabehewa mawili ikachukua watu 121 waliokaa. Viti vyenyewe vilikuwa mabenchi ya basi la mjini, yenye mgongo mfupi.

Kila behewa lilikuwa na urefu wa mita kumi na tano na nusu na uzito wa takriban tani 25, likisimama juu ya ekseli mbili tu zilizoachana mita 9. Miaka hiyohiyo British Rail lilikuwa linanunua pia treni za Sprinter, aina ya 150, ambazo behewa lake la mita 20 lilikuwa na uzito wa tani 36 hivi na lilikaa juu ya vigari viwili vya magurudumu manne manne. Mafundi wa reli huviita vigari hivyo bogi, ingawa kwetu mtu akisema bogi anamaanisha behewa zima. Ukigawanya tani kwa mita utaona kwamba Pacer haikuwa nyepesi sana kuliko Sprinter kama watu wanavyodhani. Tofauti kubwa ilikuwa katika vitu vya kununua na kutunza, kwa sababu ekseli mbili badala ya nne ni nusu ya magurudumu, nusu ya beringi na nusu ya breki.

Chini ya sakafu ya kila behewa kulilazwa injini ya Leyland aina ya TL11 yenye nguvu ya farasi 200, ndugu wa zile zilizokuwa katika mabasi na malori. Nguvu ilipita kwenye gia boksi ya kampuni ya Self-Changing Gears, ikafuata shafti hadi kwenye ekseli moja tu ya behewa hilo. Mwendo wa juu ulikuwa maili 75 kwa saa, karibu kilomita 120. Ukifikiri kifundi utaona tatizo la majira ya kupukutika kwa majani linakuja lenyewe, kwani katika treni nzima ni ekseli mbili tu zinazovuta, behewa si zito, na majani yaliyosagwa juu ya reli huwa utelezi kama sabuni. Kila Oktoba na Novemba madereva walikuwa wakipanda milima ya Yorkshire kwa subira nyingi.

Aibu ya kwanza, hata hivyo, ilitokea kusini, katika mkoa wa Cornwall. Seti 13 za kwanza zilizopelekwa huko zilipakwa rangi ya chokoleti na maziwa ya iliyokuwa reli ya zamani ya Great Western, zikapewa jina la Skipper, na zikatumwa kwenye matawi madogo ya Looe, Gunnislake na St Ives, ambayo yanapinda kufuata mito na pwani. Kumbuka ile koni. Inafanya kazi vizuri ekseli inapoweza kugeuka kidogo ili ielekee katikati ya kona. Katika bogi, ekseli mbili zinakaribiana kwa mita mbili na nusu hivi na kigari kizima kinazunguka chini ya behewa, kwa hiyo magurudumu huingia kwenye kona kwa pembe ndogo. Katika Pacer, ekseli zilizoachana mita 9 zimefungwa kwenye fremu moja iliyonyooka kama ubao, na kwenye kona kali gurudumu la mbele huielekea reli kwa pembe badala ya kuifuata, hadi ukingo wake usuguane na ubavu wa reli. Matokeo yake yalikuwa mlio mkali uliosikika mabondeni mbali kabla treni haijaonekana, na kingo za magurudumu zilizolika kwa kasi ambayo karakana haikuweza kuifuata. Haikupita miaka mingi, treni zile zikahamishiwa kaskazini, na zile treni kuukuu zilizokusudiwa kustaafishwa zikarudi kazini.

Huwa nashangaa kwamba kisa hicho husimuliwa kama ushahidi kwamba treni ilikuwa mbovu, wakati kwangu kinaonyesha zaidi kwamba waliozipangia njia hawakusikilizana na waliofanya hesabu. Watafiti wa Derby walikuwa wametatua tatizo la mwendo kasi kwenye njia iliyonyooka. Hakuna aliyewaomba watatue kona za Looe, na suluhisho la moja ni adui wa la pili, kwa kuwa kadiri unavyoikaza ekseli isiyumbe kwenye mnyooko ndivyo unavyoinyima uhuru wa kugeuka kwenye kona.

Kaskazini ndiko zilikopata kwao. Seti 14 za mwanzo zilikuwa zimepakwa rangi ya machungwa na kahawia ya mamlaka ya usafiri ya Greater Manchester, na kwa muda mfupi zikawa kitu cha kawaida kati ya Manchester, Liverpool, Leeds, Sheffield, Newcastle na miji midogo iliyo katikati. Seti moja, ya 142049, ilivushwa bahari hadi Kanada kwa maonyesho ya Expo ya mwaka 1986 mjini Vancouver, ikabeba abiria huko kwa matumaini ya kupata wanunuzi wa nje. Wanunuzi hawakujipanga foleni. Mteja wa maana niliyemwona alikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale shirika la reli la Iran liliponunua seti 12 za ile aina ya 141 iliyokuwa imekwisha kustaafu, na huko pia hazikukaa sana.

Nikueleze jinsi ya kuitambua Pacer ukiwa umefumba macho. Treni ya kawaida yenye bogi, ikipita kwenye maungio ya reli za kizamani, hutoa mapigo mawili mawili, du-du, kimya, du-du, kwa sababu ekseli mbili zilizokaribiana hufuatana haraka. Pacer hupiga moja moja, du, kimya, du, kama mtu anayetwanga peke yake kinuni. Na kwa kuwa hakuna bogi ya kumeza nusu ya mshtuko kabla haujafika kwenye sakafu, kila ungio lililolegea hulinyanyua behewa upande mmoja, kisha upande mwingine, na abiria wote waliokaa mkabala hukubali kwa vichwa kwa wakati mmoja kama wanaosikiliza hotuba nzuri. Ndipo watu wakaiita punda wa kuitikia kwa kichwa. Juu ya reli ndefu zilizoungwa kwa kulehemu, zisizo na maungio, treni hiyohiyo ilikwenda vizuri, jambo ambalo wanaoicheka hawalisemi mara nyingi, ila njia ndogo ilizopangiwa ndizo zilizokuwa za mwisho kupewa reli za namna hiyo.

Ubovu wa kweli wa miaka ya mwanzo ulikuwa katika gia boksi na milango. Gia za basi zilizobuniwa kwa ajili ya dereva anayesimama na kuondoka katika msongamano hazikupenda kuvuta tani 25 mlimani kwa dakika kumi mfululizo, na milango ya kukunja ya basi, ambayo barabarani husimamiwa na dereva aliyekaa hatua mbili kutoka hapo, ilikataa kujifunga ikiwa imejaa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni za 142 zilifunguliwa moyo na kupewa mwingine, yaani injini za Cummins zenye nguvu ya farasi takriban 230 na usafirishaji nguvu wa Voith unaotumia mafuta ya haidroliki badala ya gia za mekanika, na milango nayo ikabadilishwa. Baada ya hapo, jambo ambalo litakushangaza, zikawa treni za kutegemewa, na karakana zilizipenda kwa kuwa fundi aliweza kufika kwenye kila kitu bila kubomoa kingine. Nadhani hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanza: abiria alichoka kuzipanda wakati uleule ambao fundi na mhasibu walikuwa wamekwisha kuzizoea.

Mhasibu aliingia rasmi British Rail lilipobinafsishwa katikati ya miaka ya 1990. Mabehewa yote ya abiria yaligawiwa kampuni tatu za kukodisha, na aina ya 142 ikaangukia kwa Angel Trains, ambayo ilizikodisha kwa kampuni zinazoendesha huduma. Treni kuukuu yenye kodi ndogo, isiyo na deni na inayofanya kazi ni vigumu sana kuiondoa, kwa sababu yeyote anayetaka kuleta mpya lazima aonyeshe nani atalipa tofauti. Mkataba wa huduma za kaskazini ulioanza Desemba 2004 uliandikwa kwa dhana kwamba idadi ya abiria haitakua, hivyo haukuwa na fungu la mabehewa ya kuongeza. Abiria hawakuisoma dhana hiyo. Waliongezeka mwaka hadi mwaka, na mtu aliyekuwa anasimama kwenye Pacer iliyojaa asubuhi hakuweza kuambiwa kwamba itaondolewa kabla ya nyingine kupatikana. Husemwa mara nyingi kwamba treni hizi zilikusudiwa kuishi miaka 20, nazo zilipotimiza miaka hiyo, seti 79 zilikuwa kaskazini na 15 Wales, na upungufu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2007 seti 12 ziliazimwa na kurudishwa kusini-magharibi, kituo chake Exeter, karibu na kulekule zilikofukuzwa. Za mwisho zilikaa huko hadi mwaka 2011.

Ukijumlisha 79 na 15 utapata 94, na huenda umejiuliza mbili zilizobaki zilikwenda wapi. Moja iliharibika katika mgongano wa mwaka 1991 kwenye stesheni ya Lime Street, Liverpool. Ya pili ni kisa kinachopaswa kutajwa na kila anayezisifu, nami nikiwemo. Tarehe 23 Juni 1999, karibu na Winsford katika mkoa wa Cheshire, seti ya 142008 ikiwa tupu ilipita ishara nyekundu na kuingia kwenye njia kuu, ikagongwa kutoka nyuma na treni ya mwendo kasi. Hakuna aliyekufa, lakini mwili wa Pacer ulisogezwa juu ya fremu yake na kubomoka vibaya, na picha zake ziliwafanya watu wajiulize ingekuwaje kama mabenchi yale yangekuwa na watu. Hilo ndilo deni la kuweka mwili wa basi juu ya fremu ya mizigo. Katika behewa la kisasa mwili na fremu ni kitu kimoja kinachobeba mzigo kwa pamoja, wakati hapa kimoja kilikuwa kimefungwa juu ya kingine, na maungio hayo ndiyo yaliyoachia kwanza.

Kilichoziondoa hatimaye ni sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Kanuni za Uingereza zilitaka kila treni ya abiria, kufikia mwisho wa mwaka 2019, iwe na nafasi ya kiti cha magurudumu, choo (kama treni ina choo) ambacho mtu wa kiti hicho anaweza kukitumia, vishikio vya rangi inayoonekana na matangazo ya sauti na maandishi. Pacer ilikuwa na choo kidogo kilichomwaga moja kwa moja relini. Kampuni ya Porterbrook, iliyomiliki aina ya 144, ilikarabati seti moja mwaka 2015 ili kuthibitisha kwamba masharti yanaweza kutimizwa, na kwa kweli ilifaulu, ila choo kipya kilimeza viti vingi katika behewa ambalo tangu awali lilikuwa fupi, na hakuna aliyeagiza nyingine.

Mwaka huohuo wa 2015 lilitokea jambo ninalopenda kuwasimulia wanafunzi wangu kuliko yote. Serikali ilikuwa inaandaa zabuni mpya ya huduma za kaskazini na ilitaka iandikwe wazi kwamba Pacer zote ziondoke. Katibu Mkuu wa wizara, Philip Rutnam, akiwa ndiye afisa masuuli, aliandika kwamba kwa hesabu za kawaida sharti hilo halikuwa matumizi mazuri ya fedha za umma. Waziri wa Uchukuzi, Patrick McLoughlin, akampa agizo la maandishi kwamba liwekwe hivyohivyo. Ninavyoona mimi, wote wawili walikuwa sahihi. Fomula ya wizara hupima dakika zinazookolewa, nauli na gharama, na Pacer ilimfikisha abiria kwa wakati uleule kama treni mpya. Katika fomula hiyo hakuna mstari wa mtu anayetetemeka miaka kumi kila asubuhi akienda kazini. Waziri aliuongeza mstari huo kwa kalamu, na hiyo ndiyo kazi ya waziri.

Mwendeshaji mpya alianza Aprili 2016 na kuagiza treni 101 kutoka kampuni ya CAF ya Hispania, 58 kati yake za dizeli, huku Sprinter na nyingine zenye bogi zikihamishwa kutoka mikoa iliyopata treni mpya au nyaya za umeme. Treni mpya zilichelewa, kibali cha muda kikaombwa, na Pacer ya mwisho ya kaskazini ikamaliza kazi tarehe 27 Novemba 2020. Wales walibaki na aina ya 143 hadi mwishoni mwa Mei 2021. Kwa hiyo ulivyouliza kwa nini zilidumu, nitakujibu kwamba zilidumu kwa sababu hakuna mwaka hata mmoja ambao kuziondoa kulikuwa rahisi kuliko kuziacha. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba bila treni ya bei hiyo baadhi ya matawi ya kaskazini yangefungwa katika miaka ya 1980, ingawa wenzangu kadhaa wanaoheshimika hawakubaliani nami, na wanasema Sprinter zilezile zingetosha.

Kuhusu kuziona, usiwe na wasiwasi. Nyingi zilikatwa vyuma chakavu, lakini seti ya kwanza kabisa, 142001, ilihifadhiwa na jumba la makumbusho ya reli ya taifa na imewekwa Shildon, katika jimbo la Durham. Nyingine zilipewa kazi za jamii: shule mbili za msingi, moja ya Bradford na nyingine ya Kirk Merrington, pamoja na hospitali ya Airedale karibu na Keighley, zilichaguliwa katika shindano la serikali la kutafuta wa kupewa mabehewa. Zipo pia zilizonunuliwa na reli za kihistoria zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ikiwemo ya Wensleydale huko Yorkshire, ambayo kutoka Leeds ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Ukienda, ulizia mapema ni siku gani wanatumia Pacer, kisha uchague kiti cha mwisho wa behewa, karibu kabisa na ekseli, kwa kuwa katikati springi zinakuficha mambo. Mchukue na dada yako. Treni ikishika mwendo juu ya zile reli zenye maungio, atakuwa amekwisha kuitambua kwa mapigo yake kabla wewe hujamaliza kuhesabu.